Kijani Kilichonidanganya Kahuzi

Kiwanja namba 14, kimoja ya vipande vya msitu tulivyotakiwa kuvipima, nilikijua kabla sijakikanyaga. Wiki tatu nilikuwa nakitazama kwenye kompyuta nyumbani Bagira, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, usiku, kwa sababu umeme kwetu ulikuwa unarudi watu wamelala. Kwenye picha ya setilaiti kilikuwa kijani kitupu, kijani laini kisicho na doa. Nikakipaka rangi iliyokolea na kuandika pembeni: msitu wa mlimani uliofunga, yaani miti imesongamana na majani yake yamegusana juu. Nilikuwa na hakika hata nikapendekeza tukiruke. Kufika kule na kurudi ni mwendo wa siku nzima, unga ulikuwa unaisha, na viwanja vingine tisa vilikuwa vinatungoja.

Mzee aliyekuwa anatufungulia njia kwa panga aliomba kuiona karatasi. Akaigeuza mpaka mlima ukakaa upande anaoujua yeye, akaweka kidole.

“Mama, hapa umeandika nini?”

“Msitu, mzee.”

“Ulishapita hapo?”

“Bado.”

“Basi tupite kwanza.”

Tulipita. Nitafika huko, lakini lazima nianzie mbali kidogo, maana kosa la siku ile halikuzaliwa msituni.

Mama yangu aliponiuliza kazi yangu ni nini, nilimwambia: tunaenda parki, tunaangalia mimea gani inaota wapi, tunaipanga kwa makundi, halafu tunachora ramani. Akasema, “Lakini msitu si msitu tu?” Watu wengi wa Bukavu wanaona hivyo, na siwalaumu. Ukisimama Nguba asubuhi ambayo mawingu yameachia, Kahuzi ni mgongo mmoja wa bluu upande wa magharibi, hauonyeshi kitu kingine. Ukiingia ndani ndipo unajua kwamba mgongo ule una nyumba nyingi. Kuna msitu wenye miti mirefu, kuna mianzi, kuna vinamasi vyenye mafunjo kama kile cha Musisi, kuna miti inayosimama kwenye maji, na juu kabisa, karibu na kilele cha mita 3,308, kuna vichaka vya Erica na ile mimea ya Senecio ambayo mtu akiiona mara ya kwanza anafikiri imetoka nchi nyingine. Kila nyumba ina wenyewe. Mvua zikirudi kuanzia Septemba na machipukizi ya mianzi yakatoka, gorila wanaingia kwenye mianzi. Ukichanganya mianzi na msitu kwenye ramani, umewaambia walinzi wa parki wawatafute mahali ambapo hawapo.

Parki yetu, Kahuzi-Biega, ilitangazwa mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi hekta 600,000 kwa kuongezewa misitu ya chini upande wa magharibi. UNESCO iliiandika katika Urithi wa Dunia mwaka 1980, na mwaka 1997 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mimi nilizaliwa na kukulia chini ya mlima huu, na makala, yaani makaa, tuliyopikia nyumbani yalitoka mahali fulani. Sikuwahi kuuliza ni wapi mpaka nilipoanza kuhesabu visiki.

Ramani zenyewe si jambo jipya. Mwaka 1956 wataalamu walikutana Yangambi, hapa hapa nchini kwetu, wakakubaliana juu ya majina ya aina za uoto wa Afrika, ili mmoja akisema “savana yenye miti” na mwenzake aelewe kitu kile kile. Mwaka 1983 Frank White akatoa, pamoja na UNESCO, ramani ya uoto wa Afrika nzima. Ni kazi kubwa ambayo bado ninaifungua kwa heshima. Lakini skeli yake ni 1:5,000,000, yaani sentimita moja ni kilomita 50. Sehemu yote ya juu ya Kahuzi-Biega, kilomita za mraba 600 hivi, kwenye ramani ile inafunikwa na ukucha wa kidole kidogo. Mlinzi anayetaka kujua kinamasi kinaanzia wapi hawezi kuitumia, wala haikuchorwa kwa ajili yake. Ndiyo maana lazima watu watembee.

Safari ya kwanza tulitoka Bukavu alfajiri, tukafika Miti, tukaacha njia ya Kavumu na kupanda kwenda Tshivanga. Nilikuwa na picha ya setilaiti mkononi. Upande wa njia palikuwa na mashamba ya chai, mikaratusi na mashamba ya kwinini, na yote kwenye picha yangu yalikuwa yamekaa karibu sana na rangi ya msitu. Kompyuta ilikuwa imeyaweka mengine ndani ya kundi la msitu. Nikayasahihisha pale pale ndani ya gari, nikafurahi kwamba nimekamata kosa. Nilipaswa kuogopa. Kama kompyuta imeshindwa kutofautisha kwinini na msitu kando ya barabara, ambako kila mtu anapita, imefanya nini kule ambako hakuna anayepita? Swali hilo sikujiuliza, na leo ndilo la kwanza ninalowaambia vijana wanaokuja kujifunza kwetu.

Kiwanja chetu kilikuwa mita 20 kwa 20. Unafunga kamba pembe nne, unapima kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 na zaidi, kwa kimo cha mita 1.30 kutoka ardhini, unaandika urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, mteremko unaelekea wapi, udongo uko namna gani. Halafu unakuja ugumu wenyewe, kukadiria kwa macho kila mmea umefunika sehemu gani ya kiwanja. Tunatumia vipimo vya Josias Braun-Blanquet, Mswisi aliyeweka msingi wa elimu ya jamii za mimea. Namba 5 ni mmea uliofunika zaidi ya robo tatu, 4 ni kuanzia nusu hadi robo tatu, 3 ni kuanzia robo hadi nusu, 2 ni kuanzia asilimia 5 hadi robo, na 1 ni chini ya hapo. Mmea ukiwa mchache sana una alama yake ndogo.

Ukisoma darasani, ni rahisi. Msituni, mimi na mwenzangu tulisimama mahali pamoja, tukaangalia kichaka kimoja, mimi nikaandika 4 yeye akaandika 2. Tukabishana mpaka mvua ikaanza. Kilichotuokoa ni hesabu ndogo: kiwanja chetu ni mita za mraba 400, kwa hiyo asilimia moja ni mita za mraba 4, yaani mita 2 kwa 2, kama kitanda kipana cha watu wawili. Tangu siku hiyo tulihesabu vitanda. “Hili kangaga linafunika vitanda vingapi?” Tano, basi ni asilimia 5. Macho yana tabia ya kukuza kile yanachokipenda. Mimi nilipenda makangaga, kwa hiyo kila mara niliyaona mengi. Mwenzangu alipenda miti mikubwa, na kwake kila kilicho chini ya kiuno hakikuwepo. Ukifanya kazi na mtu mwezi mzima unamjua kasoro yake, naye anaijua yako, na kati ya namba zenu mbili mnapata kitu kinachokaribia ukweli.

Jioni ilikuwa zamu ya presi ya kukaushia mimea. Matawi tuliyokata tunayalaza katikati ya magazeti, tunakaza mikanda, na kila jioni tunabadilisha magazeti yaliyolowa. Kule juu unyevu hauishi hata Julai. Tulikuwa tunaweka presi kando ya jiko la makala, mbali kidogo isiungue, na mmoja wetu analala karibu ili aigeuze usiku. Mtu akiacha kugeuza, asubuhi anakuta ukungu mweupe juu ya jani, na sampuli ya siku nzima imepotea.

Sampuli zile tulizipeleka Lwiro, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, ambacho leo ni CRSN. Wanayo hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Ukifungua kabati unakuta karatasi za kale, mwandiko wa wino, jani lililogeuka kahawia lakini mishipa yake yote bado inaonekana. Fundi mmoja pale, mtu mzima asiye na maneno mengi, alichukua jani langu nililoliandika Macaranga. Hakusema nimekosea. Aliligeuza na kuniambia, “Gusa chini.” Nikagusa, lilikuwa na manyoya kama blanketi la zamani. Kisha akanipa Macaranga ya kweli, akanionyesha kwa kioo cha kukuzia vitone vidogo vya manjano. Langu lilikuwa Neoboutonia. Yote ni miti inayokimbilia mahali palipofunguka, yote ina majani mapana, lakini jina likikosewa katika viwanja kumi, makundi yako yote yanapinda. Nilirudi kwenye daftari nikapiga mstari mwekundu kila nilipoandika Macaranga, na tukaenda kuitazama upya miti ile.

Sasa nirudi kwenye namba 14.

Tulianza kutembea saa kumi na mbili asubuhi: mzee mbele, walinzi wawili, mwenzangu, mimi nyuma na GPS. Mpaka saa tatu nilikuwa bado natabasamu. Halafu mzee akasimama na kuinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlango. Mbele yetu msitu haukuwa na milango. Palikuwa na ukuta wa majani, majani mengi mapana, yenye afya, yanang'aa kwa umande, kutoka chini mpaka juu ya vichwa vyetu na kupita. Alipopiga panga, panga liliingia kama kwenye godoro na kukwama.

Tuliingia kwa magoti. Ndani palikuwa giza la kijani, na joto, na harufu ya vitu vilivyooza. Chini hakukuwa na mche hata mmoja, ila kamba za mimea nene kama mkono wangu zilizosukana na kupanda. Nilishika shina nililofikiri ni la mti, likavunjika mkononi kama mkate mkavu. Lilikuwa limekufa zamani. Nikaangaza tochi. Miti ilisimama imekufa, bila matawi, imevikwa. Lile blanketi la majani lilikuwa limelala juu ya maiti, na mahali ambapo mti ulikuwa umeanguka, lenyewe lilibaki limening'inia kama shuka lililoanikwa.

Ni mtambaa mmoja tu. Mzee aliutaja kwa jina la kwao. Kwenye daftari niliandika Sericostachys scandens. Si mgeni aliyeletwa, ni mmea wa milima hii hii. Unapanda mti, unafika kwenye jua, unatandaza majani mpaka mti wenyewe hauoni jua tena.

Kufunga kamba za kiwanja kile kulituchukua saa nne. Mtambaa nikaupa 5. Miti hai nikaipa 1, na hata hiyo niliitafuta kwa bidii ili nisiandike alama ndogo zaidi.

Tulipotoka nje, tukakaa kula bugali baridi na samaki wadogo wa sambaza, nikamuuliza mzee kama ilikuwa hivi zamani. Yeye ni Mtwa. Watu wake walikaa ndani ya misitu hii kabla haijaitwa parki, wakatolewa ilipotangazwa, na yeye wakati ule alikuwa mtoto. Alijibu kwa kuelekeza panga. “Tembo walikuwa wanapita hapa. Tembo hana heshima na kamba. Anavuta, anavunja, anakanyaga, anakula. Tembo wakaisha, kamba ikapumua.” Tembo wa sehemu ya juu waliuawa karibu wote wakati wa vita vya miaka ya 1990, hilo linajulikana. Kama wao peke yao ndio sababu, siwezi kuapa kwa kiwanja kimoja. Visiki vya makala vilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka pale, na msitu ukishafunguliwa jua, kila kinachopanda kinapanda haraka. Lakini maneno yake nilianza kuyapima kwenye viwanja vilivyofuata: kila kiwanja, pembeni ya karatasi, njia ya zamani ya tembo ipo au haipo. Hicho kisanduku hakikuwemo kwenye fomu tuliyopewa mjini.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimekaa wiki tatu natazama makaburi na kuyaita msitu uliofunga. Na kila nilipofikiria kwa nini, jibu lilikuwa la wazi. Picha tulizotumia ni za setilaiti ya Sentinel-2, kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ni mita 10 kwa 10. Setilaiti inapima mwanga unaorudi, na majani yenye afya yanarudisha kwa wingi ule mwanga ambao macho yetu hayauoni, ulio karibu na mwekundu. Mtambaa ule ni majani matupu yenye afya. Kwa kielezo cha ukijani ulipata alama za juu kuliko msitu wenyewe, kwa sababu msitu wa kweli una vivuli, una mashimo, una mti mrefu na mfupi, una tawi kavu. Msitu wa kweli una madoa. Ule ulaini nilioupenda kwenye kompyuta ndio ungenishtua kama ningekuwa nimewahi kuingia huko.

Tulibadilisha mpango. Badala ya kukagua mahali tulipokuwa na shaka tu, tulianza kwenda kwanza mahali tulipokuwa na hakika kubwa. Tulichukua pia picha za miaka kadhaa badala ya picha moja nzuri ya kiangazi, maana mtambaa huu una mwaka wake: ukishakaa miaka mingi, unachanua kwa pamoja, unakufa, na kwenye picha blanketi linageuka kahawia wakati msitu wa pembeni unabaki kijani. Sehemu tulizozipata kwa njia hiyo zilinitia uchungu kuziona zinavyoongezeka kwenye kioo cha kompyuta.

Kahawia nayo ilitufundisha jambo. Sehemu moja ya mianzi ilikauka yote, na mjini wakaandika mara moja: imechomwa. Mianzi ya hapa, Yushania alpina, inayotawala kati ya mita 2,350 na 2,600 hivi, ina maisha ya namna hiyo: inakua miaka na miaka, inachanua, inakufa, halafu mbegu zinaanza upya. Mmoja wa walinzi alituletea masuke makavu mfukoni. Ilitosha.

Shida kubwa ilikuwa mezani. Tulitengeneza jedwali la makosa, linalolinganisha kile ramani inachosema na kile tulichokikuta kwenye viwanja, na kundi la “msitu uliofunga” likashuka vibaya. Mtu aliyekuwa juu yetu hakufurahi. Ripoti ya mwanzo ilikuwa imeshaandika hekta za msitu, na hekta zikipungua kwenye karatasi watu watauliza nani amezikata. Aliniomba niuache ule mtambaa ndani ya kundi la msitu, kwa sababu “kisheria bado ni msitu”. Nilimwelewa hofu yake. Nilimwambia, mkubwa, sheria iko sawa, mahali pale ni parki na patabaki parki, lakini mlinzi akitumwa kule kuhesabu gorila atapoteza siku, na mtu wa kupanda miti hatajua kwamba panamhitaji. Tukabishana siku mbili. Mwishoni tukaongeza kundi jipya kwenye ramani, lenye rangi yake, na jina lililotokana na maneno ya mzee: msitu uliofunikwa.

Jina hilo lina thamani kwangu kuliko rangi. Katika orodha tuliyokuja nayo makundi yalitajwa kwa kile kinachoonekana kutoka juu. Wazee waliotuongoza wanapaita mahali kwa kile panachofanya: hapa maji yanakaa, hapa asali inapatikana, hapa mtu hapiti. Tulipoyaweka majina yao pembeni ya makundi yetu, mengi yalikubaliana, na pale yalipokataana, karibu kila mara tulirudi na kukuta sisi ndio tulioharakisha. Si kila mara. Wazee wawili waliwahi kubishana mbele yetu kuhusu mpaka wa kinamasi, na GPS ikampa haki mdogo wao, naye akatutania njia nzima mpaka kambini.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, tulirudi namba 14. Vigingi vya pembe vilikuwepo, viwili vimevutwa na kamba. Upande wa kaskazini mti mkubwa uliokufa ulikuwa umeanguka na kupasua blanketi, na jua lilikuwa limeingia mpaka chini. Mzee alipiga goti kabla yetu. Miche ilikuwa inatoka. Niling'oa jani moja pana, nikaligeuza, nikagusa chini: manyoya. Neoboutonia. Tukahesabu kumi na moja, urefu wa kiganja, na pembeni yake tayari kamba changa tatu zilikuwa zimeanza kutafuta mahali pa kupanda. Mwenzangu aliuliza kama tuzikate. Mzee akasema tuandike kwanza zote, miche na kamba. Nikaziandika.